Rai ya Msomaji na Hukumu ya Mhakiki: Vitabu vya Nyanza Kusini Visomwapo kutoka Bonde la Lambwe

1.0 Utangulizi

Historia ya uhakiki wa fasihi katika Afrika Mashariki imezoeleka kuanziwa vyuoni. Hutajwa mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwaka 1962. Hufuatia kilio cha Taban lo Liyong cha mwaka 1965 kuhusu ukame wa fasihi katika eneo hili. Kisha hutajwa waraka wa Oktoba 1968 ambamo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na mahali pake pachukuliwe na idara itakayoiweka Afrika katikati ya mafunzo. Masimulizi hayo ni ya kweli na yana uzito wake. Hata hivyo, yana pengo. Msomaji asiye mwanachuo, awe karani, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi au mhudumu wa kanisa, haonekani ndani yake ila kama mtu wa kuelimishwa. Alichokisema baada ya kufunga kitabu huitwa maoni binafsi, na neno hilo "binafsi" hutosha kumwondoa barazani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, rai ya msomaji mmoja mmoja ndiyo iliyoamua, mara nyingi kabla ya mhakiki kushika kalamu, ni kitabu gani kichapishwe, katika lugha ipi, na kwa ajili ya nani. Pili, hukumu nyingi zilizopokewa kama uhakiki wa kitaalamu zilikuwa nazo ni rai za watu waliosoma kutoka mahali fulani, ingawa mahali hapo hapakutajwa. Ili hoja isielee hewani, mjadala unafungwa katika eneo moja, yaani Bonde la Lambwe na sehemu zinazolizunguka katika iliyokuwa Nyanza Kusini, na katika waandishi wawili ambao vitabu vyao vinaigusa historia ya eneo hilo: Paul Mboya na Grace Ogot.

2.0 Lambwe kama Mahali pa Kusomea

Nadharia ya upokezi, iliyositawishwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser huko Ujerumani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, inafundisha kwamba kila msomaji huijia kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio. Katika maelezo ya Jauss upeo huo umejengwa hasa na vitabu vingine ambavyo msomaji amekwisha kuvisoma. Kwa Lambwe maelezo hayo hayatoshi. Hapo upeo wa matarajio umejengwa pia na ardhi, maradhi, uhamaji na masimulizi ya mdomo.

Bonde hili liko kati ya milima ya Gwassi na ukingo wa Kanyamwa, si mbali na Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay, jirani ya Migori. Udongo wake una rutuba na malisho yake ni mapana, lakini kwa miaka mingi lilikuwa makao ya mbung'o na kwa hiyo ya ugonjwa wa malale. Serikali ya kikoloni, na baadaye serikali ya Kenya huru, zilipambana na mdudu huyo kwa kufyeka vichaka, kunyunyiza dawa na kupanga upya makazi ya watu. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, inayojulikana zaidi kwa korongo wake. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1980 malale yalizuka tena bondeni. Ilichukua hadi mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani kuthibitisha kwamba ugonjwa huo umekoma kuwa tatizo la afya ya umma nchini Kenya.

Jambo la pili ni lugha. Wakazi wa eneo la Suba, ambalo Lambwe ni sehemu yake, hawakuwa Waluo wote tangu awali. Henry Ayot, katika historia yake ya Waluo-Abasuba iliyotoka mwaka 1979, alionyesha jinsi makundi yenye asili ya Kibantu yalivyoingia katika jamii ya Waluo kwa ndoa, ujirani na siasa. Mwaka 1992 Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo waliichunguza hali hiyo kwa upande wa isimu, wakaeleza jinsi Kisuba kilivyokuwa kikiachia nafasi yake kwa Dholuo. Msomaji wa Lambwe, basi, ni mtu ambaye huenda babu yake alizungumza lugha moja, yeye akazaliwa katika nyingine, akafundishwa kusoma kwa ya tatu. Anapofungua kitabu kinachosema "sisi", swali lake la kwanza ni la haki kabisa: sisi akina nani?

3.0 Paul Mboya: Msomaji Aliyegeuka Mwandishi

Kusoma na kuandika kuliingia sehemu hizi kwa mlango wa kanisa. Mwaka 1906 misheni ya Waadventista wa Sabato ilifunguliwa Gendia, karibu na Kendu Bay, chini ya Arthur Carscallen. Kwa wanafunzi wa kwanza, kusoma kulikuwa tendo la imani, na kitabu kilikuwa kitu cha kutiiwa. Rai juu ya kitabu haikutarajiwa.

Katika mazingira hayo ndipo alipotokea Paul Mboya, Mwadventista aliyekuwa mhudumu wa kanisa na baadaye chifu wa Karachuonyo. Mwaka 1938 alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha Dholuo kuhusu desturi na mienendo ya Waluo. Kwa kawaida kitabu hiki hushughulikiwa na wanahistoria na wanaanthropolojia kama ghala la habari, ambapo mtafiti huingia, huchukua alichokihitaji kuhusu ndoa, mazishi au miiko, kisha hutoka. Akisomwa kwa jicho la historia ya usomaji, Mboya anaonekana kwa sura nyingine. Huyu ni mtu aliyefundishwa kwamba kitabu ni kile kinachotoka kwingine, naye akaamua kuandika kitabu kuhusu kwao, kwa lugha ya kwao, kwa ajili ya wasomaji wa kwao. Uamuzi huo wenyewe ni uhakiki. Unaonyesha kwamba katika vitabu vilivyokuwapo kulikuwa na jambo lililokosekana.

Hata hivyo, rai ya Mboya ilikuwa na mamlaka ambayo rai ya jirani yake haikuwa nayo. Chifu anapoandika kwamba desturi ni hii, maandishi yake yanakaribia kuwa sheria. Kwa msomaji wa Karachuonyo hilo huenda halikuzua shida kubwa. Kwa msomaji wa Lambwe mwenye asili ya Kisuba, kitabu kile kile kilikuwa kioo na kilikuwa pia amri, kwa kuwa kilimwonyesha desturi alizokuwa ameanza kuzishika na wakati huo huo kikazinyamazia zile za wazee wake. Ukimya huo haukuwa kosa la kisanaa. Lakini mhakiki asiyejua mahali kitabu kinaposomewa hawezi hata kuuona.

Miaka arobaini baadaye, mwaka 1978, Mboya alitoa Richo Ema Kelo Chira. Jina la kitabu ni dai zima: dhambi ndiyo iletayo chira. Neno richo ni la mimbari, wakati chira ni neno la boma, maradhi ya kukonda na kudhoofu yanayoaminika kumpata avunjaye mwiko. Katika maneno manne lugha mbili za maadili zimekutanishwa na moja imefanywa sababu ya nyingine. Ni muhimu kulikumbuka jina hilo, kwa sababu swali la nini husababisha ugonjwa, na nani mwenye haki ya kulijibu, ndilo lililowagawa pia wasomaji wa Grace Ogot.

4.0 Rai Yenye Mamlaka: Mezani pa Mchapishaji

Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kukulia Asembo upande wa pili wa ghuba, alisomea uuguzi Mengo nchini Uganda na baadaye London. Katika mkutano wa Makerere mwaka 1962 alisoma hadithi yake kuhusu binti wa mtawala anayetolewa kafara ili mvua inyeshe. Mwaka uliofuata hadithi hiyo ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus huko Nigeria, na baadaye ikaingia katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa mwaka 1968 ikiwa na jina "The Rain Came".

Kwamba hadithi ya Nyanza ilichapishwa kwanza Afrika Magharibi si jambo la kupita bila kulitafakari. Katika mahojiano na Bernth Lindfors, Ogot alisimulia kwamba aliwahi kupeleka baadhi ya hadithi zake, ikiwamo hiyo, kwa meneja wa East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 ili kuendeleza uandishi wa Waafrika. Kwa maelezo yake, waliozipokea hawakuelewa jinsi mwanamke Mkristo alivyoweza kuandika juu ya kafara na dawa za kienyeji badala ya kuandika juu ya wokovu.

Kisa hiki ni ushahidi adimu, kwa kuwa ni mara chache rai ya msomaji wa kwanza wa muswada huhifadhiwa. Ifaa kuichambua kwa makini. Kwa jinsi Ogot alivyoikumbuka, haikugusa msuko wa hadithi, lugha yake wala wahusika wake. Ilimgusa mwandishi: jinsi alivyopaswa kuwa, na yale ambayo mtu wa namna hiyo hupaswa kuyasema. Ilikuwa rai binafsi kwa maana kamili ya neno hilo. Lakini kwa kuwa msomaji huyo alikaa upande ule wa meza ambako miswada hupokewa, rai yake ilikuwa lango, na lango lilifungwa. Baada ya East African Publishing House kuanzishwa mwaka 1965, ndipo riwaya ya kwanza ya Ogot, The Promised Land, ilipotoka mwaka 1966. Katika mwaka huo huo Flora Nwapa alichapisha Efuru.

Hapa pana fundisho la kimsingi. Rai binafsi hudharauliwa inapotoka kwa asiye na cheo, na haitambuliwi kuwa rai inapotoka kwa mwenye nacho. Idara za fasihi zimefundisha kizazi baada ya kizazi kujihadhari na ile ya kwanza. Ile ya pili, ambayo madhara yake ni makubwa zaidi, haijachunguzwa vya kutosha.

5.0 The Promised Land na Waamuzi Wake

Riwaya yenyewe inasimulia habari za Ochola na mkewe Nyapol wanaohama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Nyapol hakupenda kuhama. Wanafanikiwa, lakini jirani mwenye wivu anamtendea Ochola uchawi, na mwili wake unaharibiwa na ugonjwa wa ajabu wa ngozi. Hospitali inashindwa na mganga wa kienyeji anafaulu. Mwishowe familia inaukimbia utajiri wake na kurudi Nyanza.

Wahakiki wengi hawakuridhishwa. Hukumu iliyo maarufu zaidi ni ya Maryse Condé, mwandishi wa Guadeloupe, katika makala yake ya mwaka 1972 ya jarida la Présence Africaine kuhusu Nwapa, Ama Ata Aidoo na Ogot. Condé alikiri kipaji cha Ogot, lakini alikiona kimepotezwa bure. Kwake Ogot alikuwa amenaswa kati ya heshima kwa taratibu za Kizungu na mkanganyiko juu ya imani za jadi, hata wahusika wake wa kike wakakosa mshikamano na kutosadikika. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1994, Florence Stratton aliipindua hukumu hiyo. Kwa Stratton, Ogot anauonyesha upumbavu wa mamlaka ya kiume: Ochola anaanguka kwa tamaa yake, naye Nyapol, ambaye hakusikilizwa, ndiye aliyeona mbali.

Wasomi hawa wawili wanasoma kitabu kimoja na kupata waandishi wawili. Tofauti yao haitokani na uchache wa ushahidi, kwani kurasa ni zile zile. Inatokana na swali ambalo kila mmoja alikuja nalo. Condé alitafuta mwanamke wa Kiafrika aliyejikomboa kifikra. Stratton alitafuta jibu la mwandishi mwanamke kwa fasihi ya wanaume. Yote mawili ni maswali halali, na yote mawili yana anwani.

Riwaya ikisomwa kutoka Lambwe, swali linakuwa lingine. Nchi ya ahadi yenye rutuba, inayomvuta mwenye shida ya ardhi kisha ikamdai mwili wake, si fumbo la mbali katika bonde ambako malisho na malale vilikaa pamoja. Katika bonde hilo watu walipangwa na kupangwa upya na maofisa, na kuhama kulikuwa tendo la tumaini lililobeba hatari. Kwa usomaji huo, kushindwa kwa hospitali hakulazimu kusomwa kama ushindi wa ushirikina. Kunaweza kusomwa kama kumbukumbu ya watu ambao kwao tiba ya serikali ilifuatana na amri ya kuhama. Mwisho wa riwaya, ambao kwa jicho la mkanganyiko wa imani ni udhaifu, unapata mantiki ya kihistoria: mhamiaji hupona kwa kuiacha ardhi. Hakuna daktari wala mganga aliyeweza kumponya huku akibaki nayo.

Usomaji huu hauwafuti Condé na Stratton. Unaongeza anwani ya tatu. Aidha, unaeleza jambo ambalo wote wawili hawakulipa nafasi kubwa, nalo ni kwamba mwandishi alikuwa muuguzi. Hospitali katika riwaya hii haikuchorwa na mtu aliyeiogopa kwa kutoijua.

6.0 Simbi Nyaima: Pale Msomaji Anapojua Hadithi Kuliko Kitabu

Kati ya mwaka 1981 na 1983 Ogot alitoa vitabu vinne kwa Dholuo: Ber Wat, Aloo Kod Apul-Apul, Miaha na Simbi Nyaima. Miaha ilifasiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo, yule yule aliyeshiriki kuandika juu ya kufifia kwa Kisuba, ikatoka mwaka 1989 kama The Strange Bride. Kwa wahakiki wengi wa ng'ambo, Ogot wa Dholuo alianza kuwapo alipofasiriwa.

Simbi Nyaima inastahili kutazamwa peke yake kwa sababu jina lake ni jina la mahali. Ni ziwa dogo la shimo la volkano karibu na Kendu Bay, na masimulizi yake yanajulikana sana: mwanamke mzee mgeni alinyimwa ukarimu na watu waliokuwa wakinywa pombe, mvua ikanyesha, na kijiji kikazama. Msomaji wa Nyanza Kusini anapokifungua kitabu kama hiki, uhusiano uliozoeleka unageuka. Mwandishi hana siri ya kumfichulia. Msomaji anaijua hadithi, huenda kwa namna mbili tatu zisizolingana, na pengine amekwisha kusimama ukingoni mwa ziwa lenyewe. Rai yake basi haiwezi kuwa tu kwamba kitabu kinapendeza au hakipendezi. Atasema: bibi yangu hakuusimulia hivyo. Na katika kusema hivyo atalazimika kuusimulia.

Huo ndio uhakiki wa fasihi simulizi: kukosoa ni kutamba upya. Waraka wa mwaka 1968 ulidai fasihi simulizi iwekwe kiini cha masomo, na dai hilo lilitekelezwa kwa kiasi kikubwa kwa kukusanya ngano, kuziainisha na kuzitafsiri. Kilichokusanywa kilikuwa matini. Utaratibu wa kuhukumu, yaani zile rai ambazo wasikilizaji walizitoa katikati ya utambaji na baada yake, haukupewa uzito ule ule. Matokeo yake ni kwamba idara zilirithi hadithi za mababu lakini zikaazima wahakiki kutoka kwingine.

7.0 Mipaka ya Rai

Itakuwa kosa kuigeuza rai ya msomaji kuwa mahakama ya mwisho. Ina hatari zake, na tatu zadhihirika katika mifano iliyotolewa. Ya kwanza ni kudai kwamba fasihi iwe shahada ya ukweli. Anayeuliza tu kama ndivyo ilivyokuwa kwao anaweza kumnyima mwandishi uhuru wa kubuni, nao ndio uhuru ambao Ogot aliutumia alipompa Nyapol akili ambayo mume hakuitaka. Ya pili ni kwamba jamii yenyewe si sauti moja. Rai ya chifu, ya mkewe na ya jirani Msuba hazilingani, na inayosikika zaidi huwa ya mwenye kiti. Ya tatu ni kwamba rai isiyoandikwa hupotea pamoja na aliyeitoa, na mtafiti hushawishika kuijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo msomaji wa Lambwe katika makala haya ametumiwa kama nafasi ya kusomea inayothibitishwa na historia ya mahali. Hakuwekewa maneno kinywani.

Uhakiki wa Kiswahili una sababu ya pekee ya kulizingatia suala hili. Moja ya kazi zake za mwanzo, ile ya T. S. Y. Sengo na S. D. Kiango ya mwaka 1973, iliitwa Hisi Zetu. Jina hilo halikuona aibu kukiri kwamba uhakiki huanzia katika hisi za watu fulani wanaosema "zetu". Tangu hapo istilahi zimeongezeka na nadharia zimepangwa vizuri, hata mwanafunzi wa leo anaweza kutaja mikabala kumi kabla ya kusema kama kitabu kilimgusa. Huo ni ukuaji kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine, mwanafunzi anayeficha anakosomea hujifunza kuandika kana kwamba hakutoka popote, naye akija kuketi mezani pa mchapishaji atazipitisha au kuzikataa kazi za wengine kwa rai asiyojua kuwa ni rai.

8.0 Hitimisho

Safari ya vitabu vya Mboya na Ogot inaonyesha kwamba kila hatua ya uhai wa kitabu imebebwa na rai ya msomaji: chifu aliyeona pengo akalijaza, meneja aliyeshangazwa na Mkristo anayeandika juu ya kafara, wasomi wawili waliopata Ogot wawili, na wenyeji wa ziwa walioijua hadithi kabla ya kitabu. Tofauti kati yao ilikuwa ya mamlaka na ya mahali.

Kazi ya idara ya fasihi, kwa hiyo, isiishie katika kuwafundisha wanafunzi kuzivuka rai zao. Iwafundishe kuziandika, kuzitaja anwani na kuzipima kwa maandishi. Homa Bay na Migori bado wako wazee waliosoma Luo Kitgi gi Timbegi wakiwa vijana, na walimu waliosoma The Promised Land ilipotoka. Rai zao hazijakusanywa. Ngano zao zilikwisha kufuatwa na kuwekwa maktabani, lakini walichosema juu ya vitabu hakijafuatwa, na umri hausubiri.